Risasi baridi? Baridi gani hiyo!

Najua nimekuwa adimu kidogo hapa kijiweni. Kazi za watu zimenibana. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, na linaanza na maneno mawili tu ambayo kila nikiyasikia kwenye taarifa ya habari nakereka: risasi baridi.

Mnayajua. Polisi wamewatawanya watu kwa risasi baridi. Wasanii wetu wa filamu nao wanatuliza wenzao, usiogope bwana, hizi ni baridi. Mtangazaji anayasoma kwa sauti ya kutuliza kabisa, kama anatangaza kuwa mvua itakuwa ya manyunyu. Na mimi pale kwenye kiti najiuliza: jamani, huo ubaridi wake ni upi? Nani aliishika akaipima?

Mtasema nimeanza ualimu wa Kiswahili. Subirini kidogo. Kuna watu wamekufa kwa hiki kitu tunachokiita baridi, na kuna madaktari huko duniani ambao wametumia miaka mingi kuchunguza kilichowaua.

Tuanze na kitu chenyewe. Risasi ya kawaida ina mambo manne: ganda, kiwashio pale kitakoni kinachogongwa na nyundo ya bunduki, baruti ndani, na juu kile kichwa cha madini kinachoruka kwenda kwa mtu. Hii ya "baridi" ina vyote hivyo isipokuwa kichwa. Mdomo wa ganda umekunjwa kama pindo la sambusa, au umezibwa kwa kizibo cha karatasi au plastiki. Baruti iko palepale. Kiwashio kiko palepale. Ukivuta kifyatulio, baruti inawaka na kugeuka gesi ya moto ambayo inatafuta njia, na njia ni moja, mdomo wa mtutu. Inatoka kwa kasi kubwa ikiwa imebeba masizi, punje za baruti ambazo hazijamaliza kuungua, na kile kizibo kama kilikuwepo. Sasa niambieni, hapo baridi iko wapi?

Mwaka 1984 huko Marekani alikuwepo kijana mwigizaji anaitwa Jon-Erik Hexum. Sura nzuri, mwili wa mazoezi, nyota yake inapanda, anaigiza kwenye tamthilia ya televisheni inaitwa Cover Up. Tarehe 12 Oktoba kazi ya kurekodi ilikuwa inakwenda polepole, kuchelewa huku na kule, vijana wamechoka kusubiri. Hexum akashika bastola ya .44 Magnum iliyotiwa risasi zisizo na kichwa, akaiweka kwenye panja la kichwa chake, kwa utani, akafyatua. Hakukuwa na kichwa cha risasi. Nguvu ya ule mlipuko ilivunja fuvu na kusukuma kipande cha mfupa ndani ya ubongo, kipande cha ukubwa wa sarafu. Madaktari walihangaika naye saa nyingi. Tarehe 18 Oktoba ilithibitishwa kwamba ubongo umekufa. Alikuwa na miaka 26. Familia ikatoa viungo vyake, na moyo wake ukaenda kupiga kifuani mwa mtu mwingine.

Ona hapo: hakuna risasi iliyoingia kichwani mwa huyu kijana. Kilichomuua ni fuvu lake mwenyewe.

Waliolichimba jambo hili kwa undani zaidi ni Wajerumani, na wana sababu. Kwao kuna bastola zinazotengenezwa mahususi kwa ajili ya kishindo na gesi ya machozi. Zinafanana na bastola halisi kiasi kwamba ukitolewa moja usiku kichochoroni hutasimama kuuliza maswali. Mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kuinunua dukani. Tangu mwaka 2003 sheria inamtaka awe na kibali maalumu kama anataka kutembea nayo barabarani, lakini kuiweka nyumbani haihitaji kibali hicho. Baada ya vurugu za mkesha wa mwaka mpya wa 2016 mjini Köln watu walivikimbilia vibali hivyo kama mkate wa moto, na kabla ya mwaka ule kwisha waliokuwa navyo nchi nzima walikuwa zaidi ya 400,000. Watu wanazinunua kujilinda, na wengine kupasulia angani kila mkesha wa mwaka mpya. Ukiwa na silaha nyingi namna hiyo mitaani, lazima maiti zitaanza kufika mezani kwa madaktari wa uchunguzi. Na zilifika.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari hao walichapisha visa vya watu waliokufa kwa majeraha ya kifua yaliyosababishwa na bastola hizi. Kifua, jamani, wala si kichwa. Mtutu umegandamizwa mwilini, gesi imepita kwenye ngozi na nyama na kufanya uharibifu ndani. Wenzao walikuwa tayari wamezifyatua kwenye vipande vya gelatini, ile jeli inayotumika maabara kuigiza nyama ya binadamu, wakapima gesi peke yake inachimba shimo la kina gani. Inachimba.

Hapa kuna hesabu moja ambayo nimeipenda kwa sababu hata sisi tuliokimbia fizikia kidato cha pili tunaielewa. Ngozi ya mtu haijali jina la silaha. Inajali nguvu kiasi gani imeangukia eneo kubwa kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana na wataalamu ni jouli 0.1 kwa kila milimita moja ya mraba, ukivuka hapo ngozi inatoboka. Ni sababu ileile inayofanya sindano iingie kwa kusukumwa na kidole wakati mwiko haungii hata ukigonga. Gesi inayotoka kwenye mtutu ikiwa bado imebanana, eneo lake ni dogo kama shimo la mtutu wenyewe, na inakivuka kipimo hicho bila shida. Sogeza mtutu nyuma sentimita kadhaa, gesi inatawanyika hewani na nguvu inaporomoka kwa haraka sana. Sogeza zaidi, umebaki na moto, masizi na kelele.

Ndiyo maana umbali ni kila kitu. Bastola moja, risasi moja, mkono mmoja: ukiwa mbali unashtuka tu, ukiwa karibu unapoteza jicho, ukigusanishwa na mwili unakufa. Neno moja "baridi" linawezaje kubeba hayo yote matatu?

Jeraha lenyewe lina lugha yake, na wanaojua kuisoma wanaisoma vizuri. Mtutu ukiwa umegusa ngozi iliyokaa juu ya mfupa, tuseme kwenye panja, gesi inaingia chini ya ngozi, inakutana na mfupa, inakosa pa kwenda, inaiinua ngozi kama hema mpaka ipasuke. Inapasuka kwa umbo la nyota. Wakati mwingine mdomo wa mtutu unaacha muhuri wake kwenye ngozi, duara kabisa. Masizi wanayakuta ndani ya jeraha, si juu. Na nyama ya kuzunguka shimo inaweza kuwa nyekundu ya kung'aa isivyo kawaida, kwa sababu moshi wa baruti una kaboni monoksaidi, ile hewa ya jiko la mkaa inayoua watu waliofunga madirisha, na ikishikana na damu na misuli inaipa rangi hiyo. Mtutu ukiwa mbali kidogo, punje za baruti zinachoma ngozi na kuacha madoadoa kama chale ndogondogo. Kwa kuangalia mtawanyiko wa madoadoa hayo mtaalamu anaweza kukadiria mtutu ulikuwa umbali gani, hasa akipata silaha ileile na risasi za aina ileile akazijaribu.

Kisha anaingia kwenye sehemu ngumu. Anapiga picha ya eksirei: hakuna kitu. Hakuna kichwa cha risasi ndani, hakuna tundu la kutokea nje. Kizibo cha karatasi au plastiki hakionekani vizuri kwenye picha ya kawaida, na kinaweza kuwa kimelala ndani kabisa ya jeraha.

Hapa ndipo mimi nilipoacha kusoma kwa udadisi nikaanza kuogopa, kwa sababu nafikiria huku kwetu. Tuseme kijana amechezewa bastola ya aina hii shingoni. Anapelekwa polisi kwanza, maana bila fomu ya PF3 mambo yatakuwa magumu hospitalini. Askari wa zamu anaandika: jeraha la risasi baridi. Kijana anafika hospitali ya wilaya, daktari kijana aliyekesha anaisoma ile fomu, anaona katundu kadogo keusi, anapiga eksirei, picha safi. Mashine ya CT iko mkoa mwingine. Anasafishwa, anafungwa bendeji, anapewa dawa ya maumivu, aende akapumzike. Na ndani mshipa umechanika, au kizibo kimekaa na uchafu wake. Neno lililoandikwa kituoni limeshamwambia daktari asihangaike. Mnaona kwa nini nimesema hii si habari ya Kiswahili tu?

Na huo uchafu si hadithi ya kutunga. Twende mwaka 1903, Marekani hukohuko. Tarehe 4 Julai ni sikukuu yao ya uhuru, na watoto wa kiume walikuwa wakinunuliwa vibastola vya bei poa vyenye risasi zisizo na kichwa, wanapasua mtaani kutwa nzima. Jarida la chama cha madaktari wa huko likaamua kuhesabu. Sikukuu ya mwaka ule ilihesabiwa vifo 466. Kati ya hivyo, 406 vilikuwa vya pepopunda. Someni tena hiyo namba. Fataki na moto kwa ujumla wake viliua watu 60 tu, waliobaki walikufa siku kadhaa baada ya sherehe, taya zimekaza, mgongo umepinda. Na sehemu kubwa ya wale waliopata pepopunda walijeruhiwa na vile vibastola. Mtoto anajipiga kwenye kiganja, tundu dogo, mama analifunga kitambaa, linaziba juu. Chini kizibo kimeshaingia nyamani pamoja na uchafu wa mkono, mahali pasipo hewa, na mdudu wa pepopunda hapendi kitu kama mahali pasipo hewa.

Kilichonifurahisha katika habari hiyo ya huzuni ni kwamba wale madaktari hawakuishia kulia. Walichapisha hesabu ile kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa aibu kwa miji. Miji ikapiga marufuku vibastola, waganga wakajua kwamba jeraha la namna ile halifungwi juujuu, linafunguliwa, linasafishwa mpaka chini na mtoto anapewa dawa ya kinga. Miaka kumi baadaye wagonjwa wa pepopunda wa sikukuu ile hawakufika kumi nchi nzima. Kutoka mia nne! Na kazi hiyo ilianza na mtu kukaa mezani na kuhesabu. Mimi mwandishi wa habari nikisoma kitu kama hicho naona wivu.

Wapenzi wa sinema wameshaanza kuniuliza, na Brandon Lee? Hiyo ni tofauti kidogo, ila ni ndugu wa jambo hili. Mtoto wa Bruce Lee, alipigwa Machi 1993 huko Wilmington, North Carolina, wakirekodi The Crow, akafa tarehe 31, ana miaka 28. Kabla ya hapo walihitaji risasi za kuonekana tu kwenye kamera, wakazitengeneza kutokana na risasi halisi: wakamwaga baruti, wakarudisha kichwa, lakini viwashio vikabaki. Kiwashio kikalipuka, nguvu yake ndogo ikasukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kikakwama humo. Hakuna aliyeona. Siku nyingine bastola ileile ikatiwa risasi isiyo na kichwa, yenye baruti kamili. Gesi ikakikuta kichwa kinasubiri. Yaani vitu viwili ambavyo kila kimoja kiliitwa salama, ukivijumlisha unapata risasi kamili.

Yule mama mpiga picha wa filamu ya Rust, Halyna Hutchins, aliyeuawa New Mexico tarehe 21 Oktoba 2021, yeye alipigwa na risasi halisi ambayo haikutakiwa hata kuwepo eneo lile. Namtaja kwa sababu wengi mitandaoni walimchanganya kwenye kapu hili, na haifai. Ila kifo chake kilibadilisha kitu: muda mfupi baadaye waandaaji wa tamthilia ya The Rookie waliamua kuachana na silaha zenye baruti, wanatumia za kuchezea na mmweko wa moto unawekwa baadaye kwa kompyuta.

Washkaji wetu wa Bongo Movie, hilo mnaliweza. Kama kuna kitu vijana wa hapa mjini wanakijua ni kompyuta. Mmweko wa mtutu ni kazi ya dakika chache kwa kijana yeyote anayehariri video za muziki Kinondoni. Na hata kwa wale wanaong'ang'ania kishindo halisi, hakuna sababu ya kumwelekezea mtu usoni. Unalenga pembeni, kamera ikikaa pembe yake mtazamaji hatajua kamwe.

Msije mkadhani nataka kila kitu kipigwe marufuku. Mimi ni mpenzi wa riadha. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, bastola isiyotoa kichwa chochote ndiyo iliyomfungulia njia Filbert Bayi akaenda kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Nani atalilalamikia bomu la namna hiyo? Na mizinga 21 ya sherehe zetu za kitaifa nayo inapiga baruti bila kombora. Lakini angalieni wanajeshi wanavyoishika ile mizinga. Hakuna anayesimama mbele ya mdomo wake kupiga selfi. Wao wanajua kilichomo. Tatizo ni sisi wengine, tuliopewa jina tu bila kuonyeshwa kitu. Mwalimu wa michezo anapokabidhiwa bastola ya kuanzishia mbio, kuna anayemwambia asiipige karibu na sikio la mtoto wa mstari wa kwanza? Kishindo cha karibu kinaweza kupasua ngoma ya sikio, na usikivu ukishaondoka kwa njia hiyo mara nyingi haurudi wote.

Halafu kuna hili la kuvitia vitu tofauti kwenye neno moja. Kwetu "risasi baridi" imekuwa guni la kubebea kila kitu ambacho si risasi ya moto: isiyo na kichwa, ya mpira, hata bomu la machozi nimesikia mtu akiliita hivyo. Juni 2025 Nairobi, mchuuzi wa barakoa alipigwa kichwani kwa karibu sana na askari wakati wa maandamano, mchana kweupe, kamera zinarekodi. Ikasemwa silaha ile ilikuwa ya risasi za mpira. Kijana akafa kabla mwezi haujaisha, askari akafikishwa mahakamani kwa shitaka la mauaji. Mpira si sawa na gesi, uchunguzi wake ni mwingine. Ila kanuni ya umbali ni ileile, na kosa letu sisi wa vyumba vya habari ni lilelile: tunachukua neno la msemaji linalotangulia kusema haikuwa hatari, tunaliweka kwenye kichwa cha habari, na msomaji anashangaa imekuwaje mtu akafa kwa kitu kisicho hatari. Labda alikuwa na ugonjwa wake. Labda alianguka vibaya. Hivyo ndivyo neno linavyomhamishia marehemu lawama.

Kwa hiyo kama mhariri angenisikiliza (hanisikilizi, tumeshazoeana), ningemwomba tuandike kilichotokea. Silaha ilikuwa ya aina gani, mtutu ulikuwa umbali gani, ganda lililookotwa lilikuwa na nini mdomoni. Kama hatujui, tuseme polisi wanadai, tusiseme sisi. Na akitokea maiti, swali la kwanza kwa daktari lisiwe "je, mmekuta risasi?" maana jibu la hapana halimtoi mtu hatiani. Tumuulize kuhusu masizi, na alama ya mtutu, na umbo la jeraha.

Uingereza mwezi Februari 2025 polisi walitangaza msamaha kwa wenye bastola fulani za kishindo kutoka Uturuki wazirudishe, kwa sababu wahalifu walikuwa wanazigeuza zipige risasi halisi. Wenzetu wameshavuka hatua ya kubishana kama ni silaha au la. Sisi bado tuko kwenye jina.

Nimejaribu kutafuta jina lingine. "Risasi tupu" nililikataa, linadanganya kama mwenzake, tupu wakati limejaa baruti. "Risasi bandia" nalo hapana, ile si bandia, ni kweli kabisa. Kwa sasa mimi naandika "risasi ya baruti tupu", ndefu kidogo kwenye kichwa cha habari lakini angalau inataja kinachoungua. Mwenye neno zuri zaidi kuliko hilo anipe, nitalitumia na nitasema nimelitoa kwake. Sharti langu ni moja tu, lisitaje baridi.